Namna ya Kuandika Ripoti ya Utafiti wa Saikolojia: Tunajifunza Nini Kutoka Moshi na Bungoma?



Kwa miaka mingi taarifa zetu za miradi zimehusu vitu vinavyohesabika. Kisima kimechimbwa au hakikuchimbwa. Ng'ombe wa maziwa wamegawiwa kwa kaya kumi au hawakugawiwa. Mjumbe wa kamati ya usharika akitaka uhakika, anaweza kwenda mwenyewe akaona. Siku hizi sharika nyingi zinatoa pia huduma za aina nyingine: ushauri nasaha kwa watoto yatima, vikundi vya wajane, mazungumzo na vijana wanaojaribu kuacha pombe, kukaa na familia zilizofiwa. Huduma hizi zinagusa moyo na akili, na mjumbe wa kamati hawezi kwenda kuhesabu huzuni iliyopungua kama anavyohesabu mabati.

Kwa sababu hiyo taarifa nyingi za huduma hizi huishia kwenye maneno ya jumla, kwamba walengwa wamefarijika na mradi umefanikiwa. Maneno hayo huenda ni ya kweli kabisa, lakini msomaji hana njia ya kuyapima. Mfadhili anayepaswa kuamua kama ataendelea kuchangia, na kamati inayopaswa kuamua kama fedha kidogo zilizopo ziende kwenye ushauri nasaha au kwenye sare za shule, wote wanaamua gizani.

Wanasaikolojia wamekabiliana na tatizo hili kwa muda mrefu, na wana utaratibu wa kuandika ripoti ambao unaweza kutusaidia. Katika makala hii tunaueleza utaratibu huo hatua kwa hatua. Hatukusudii kila usharika ugeuke chuo kikuu. Tunakusudia kwamba anayeandika ajue aseme nini, na anayesoma ajue aulize nini. Ili maelezo yasibaki hewani tutatumia tafiti mbili za kweli zilizowahusu watoto waliofiwa na wazazi, moja ya Moshi na nyingine ya Moshi pamoja na Bungoma, magharibi mwa Kenya.

Tafiti mbili, majibu mawili

Mwaka 2014 Karen O'Donnell wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na wenzake walichapisha ripoti ya utafiti uliofanyika Moshi. Watoto 64 wenye umri wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na waliokuwa na dalili za kiwewe au huzuni nzito ya msiba, walikusanywa katika vikundi. Kwa wiki 12 walikutana na washauri ambao hawakuwa wataalamu wa afya ya akili bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Walezi wao nao walishirikishwa. Watoto walipimwa kabla ya kuanza, walipomaliza, baada ya miezi 3 na baada ya miezi 12. Dalili zilipungua, na baada ya mwaka mzima zilikuwa bado ziko chini.

Msomaji wa haraka angesema kazi imekwisha. Lakini utafiti huo ulikuwa wa majaribio ya awali na haukuwa na kundi la ulinganisho, yaani watoto wa hali ile ile ambao hawakupata vikao. Kwa hiyo ulionyesha kwamba watoto walipata nafuu, bila kuweza kuonyesha ni kiasi gani cha nafuu hiyo kilitokana na vikao. Mtoto aliyefiwa hupata nafuu kwa njia nyingi. Muda unapita, shangazi anamchukua, anarudi shuleni, majirani wanamzoea. Aidha, watoto walichaguliwa kwa sababu hali yao ilikuwa mbaya wakati ule. Mtu anayepimwa siku homa yake iko juu kabisa, ukimpima tena baada ya wiki, mara nyingi utakuta imeshuka hata kama hakunywa dawa.

Ripoti ya utafiti wa pili ilichapishwa mwaka 2020. Aliyeuandika kwa kushirikiana na wenzake ni Shannon Dorsey wa Chuo Kikuu cha Washington. Safari hii watoto walikuwa 640, wa umri ule ule, kutoka maeneo manne: Moshi mjini, Moshi vijijini, Bungoma mjini na Bungoma vijijini. Watoto waligawanywa kwa kura. Baadhi walipata vikao vya ushauri, na wengine waliendelea na huduma za kawaida ambazo jamii huwapa yatima.

Vikao vilipomalizika, watoto waliohudhuria walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne: yote mawili ya Kenya, na Moshi mjini. Moshi vijijini tofauti haikuonekana. Baada ya miezi 12, katika maeneo yote mawili ya Kenya tofauti ilibaki kubwa. Katika maeneo yote mawili ya Tanzania tofauti haikuwepo tena, kwa maana kwamba watoto wa pande zote mbili walikuwa wamepata nafuu kwa kiwango kinacholingana.

Hapa ndipo tunapoiona thamani ya ripoti iliyoandikwa vizuri. Watafiti wangeweza kuchanganya maeneo yote manne na kutangaza wastani unaopendeza. Wangeweza kuandika kuhusu Kenya tu. Badala yake waliweka matokeo ya kila eneo mezani, yaliyowafurahisha na yasiyowafurahisha, na kwa sababu hiyo sisi tulio upande huu wa mpaka tunajua jambo ambalo tusingelijua kwa njia nyingine. Sasa tuone ripoti ya namna hiyo inajengwaje.

Sehemu za ripoti

Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilianza kutoa mwongozo wa uandishi mwaka 1929, ukiwa na kurasa saba tu. Leo mwongozo huo ni kitabu kinene, na toleo lake la saba lilitoka mwaka 2019. Lakini kiini chake ni chepesi kukumbuka, kwa sababu kila sehemu inajibu swali moja. Utangulizi unajibu: tulitaka kujua nini, na kwa nini? Mbinu: tulifanya nini? Matokeo: tulikuta nini? Mjadala: yana maana gani? Mwanzoni kabisa huwekwa kichwa na ikisiri, na mwishoni orodha ya maandiko yaliyotumika na viambatisho.

Kosa la kawaida ni kuchanganya majibu haya. Mwandishi anaeleza alichofanya, katikati anaingiza sifa za mradi, kisha anarudi kwenye takwimu. Msomaji hajui tena lipi lilionekana na lipi ni maoni. Kila jibu likikaa mahali pake, msomaji anaweza kukubali matokeo na bado akatofautiana na maoni ya mwandishi, na hiyo ni haki yake.

*Kichwa na ikisiri.* Kichwa kitaje nani walishiriki, kitu gani kilipimwa na wapi. "Mafanikio ya mradi wetu" si kichwa cha utafiti. "Mabadiliko ya dalili za msongo kwa wajane waliohudhuria vikundi vya ushauri" ni kichwa. Ikisiri ni muhtasari wa ripoti nzima katika aya moja, na kwa kawaida haizidi maneno 250. Iandikwe mwisho, ingawa inasomwa kwanza. Tukumbuke kwamba wasomaji wengi hawatafika mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo, kama kuna matokeo yasiyopendeza, nayo yatajwe humo humo. Kuyaficha ukurasa wa kumi na nane ni sawa na kutoyasema.

*Utangulizi.* Hapa mwandishi anaanza na tatizo kwa upana, anaeleza wengine waliotangulia walikuta nini, kisha anafika kwenye swali lake mwenyewe. Swali liwe moja au mawili, na liwe swali linaloweza kujibiwa "hapana". "Je, wajane watakaohudhuria vikao sita watakuwa na dalili chache za msongo kuliko wanaosubiri zamu?" ni swali la namna hiyo. "Kuonyesha umuhimu wa ushauri nasaha" si swali, maana jibu limekwisha kuamuliwa kabla ya kazi kuanza. Ni vyema swali liandikwe na kuwekwa kwenye faili kabla ya kukusanya takwimu, ili lisibadilishwe baadaye lifanane na kilichopatikana.

*Mbinu.* Sehemu hii iandikwe kwa undani kiasi kwamba mtu wa dayosisi nyingine anaweza kuifanya kazi ile ile upya. Kwa kawaida ina vipengele vitatu.

Kwanza ni washiriki. Walikuwa wangapi, wa umri gani, wanawake wangapi na wanaume wangapi, walipatikanaje? Kama walichaguliwa na mzee wa mtaa, isemwe hivyo, kwa sababu mzee anaweza kuwachagua wale anaowajua au wanaohudhuria ibada mara kwa mara. Kama waligawanywa katika makundi, ielezwe ni kwa kura au kwa uamuzi wa mtu.

Pili ni vifaa vya kupimia. Katika saikolojia kifaa mara nyingi ni dodoso. Liko, kwa mfano, dodoso fupi linalojulikana kwa jina la PHQ-9, linalotumika katika nchi nyingi kupima dalili za sonona. Lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla ni kuanzia 0 hadi 27. Ripoti inapaswa kutaja dodoso lililotumika, lugha iliyotumika, na nani aliuliza. Kutafsiri tu hakutoshi. Tafsiri irudishwe katika lugha ya awali na mtu mwingine, ili ionekane kama maana imebaki, kisha ijaribiwe kwa watu wachache.

Lugha ya moyo ina njia zake. Wazimbabwe walilielewa jambo hili mapema. Mwaka 1997 Vikram Patel na wenzake walichapisha dodoso la maswali 14 lililotengenezwa Harare kwa lugha ya Kishona, kwa kutumia maneno ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia kueleza shida zao. Mojawapo ya maneno hayo ni *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Mama wa kwetu naye anaweza kujibu "hapana" ukimwuliza kama ana sonona, na papo hapo akakuambia kwamba mawazo yamemzidi na usingizi hapati.

Tatu ni utaratibu. Nini kilifanyika, lini, mara ngapi, na nani alikifanya? Hapa tunasisitiza jambo moja: anayepima matokeo asiwe yule aliyetoa ushauri. Mjane aliyekaa na mshauri wake wiki sita hatapenda kumwambia usoni kwamba hakusaidika. Adabu yetu haituruhusu. Mtu mwingine asiyejua nani alikuwa kundi gani atapata majibu ya kweli zaidi.

*Matokeo.* Sehemu hii ieleze kilichoonekana, bila sifa wala lawama. Ianze na idadi ya watu katika kila hatua. Tuchukue mfano wa kubuni. Wajane 30 walianza, 21 walimaliza, na kati ya hao 14 walipata nafuu. Mwandishi akisema "asilimia 67 walipata nafuu" amehesabu 14 kati ya 21. Akihesabu 14 kati ya wote 30 walioanza, ni asilimia 47. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini msomaji anastahili kuziona zote, na anastahili kujua kuhusu wale 9. Huenda walihama. Huenda walipona wakaona hawana haja tena. Huenda vikao viliwaumiza wakaacha kuja. Kama haikufuatiliwa, iandikwe kwamba haikufuatiliwa.

Kisha hutajwa ukubwa wa tofauti. Wanasaikolojia wengi hutumia kipimo kilichopendekezwa na Jacob Cohen, ambacho kwa makadirio 0.2 ni tofauti ndogo, 0.5 ni ya wastani na 0.8 ni kubwa. Tukirudi kwa watoto wetu, vikao vilipomalizika kipimo hicho kilikuwa 1.04 Bungoma vijijini, 0.56 Bungoma mjini na 0.45 Moshi mjini. Baada ya miezi 12 kilikuwa 0.86 na 0.99 kwa Bungoma vijijini na mjini, lakini 0.09 Moshi vijijini na 0.11 Moshi mjini. Hata mtu asiyejua takwimu anaweza kuziweka namba hizi kando kwa kando na kuona kilichotokea. Kama msomaji anahitaji kuelezwa kwa dakika kumi jedwali linasema nini, jedwali hilo halijakamilika.

*Mjadala.* Sasa mwandishi anaruhusiwa kufasiri. Anaanza kwa kujibu swali lake la mwanzo kwa sentensi moja, kisha anaeleza kwa nini huenda ilikuwa hivyo, na anataja mipaka ya kazi yake. Watafiti wa Moshi na Bungoma walieleza kwamba watoto wa Kenya walikuwa katika mazingira magumu zaidi, yakiwemo upungufu wa chakula na afya duni za walezi, na kwamba huenda pale ambapo dhiki ni kubwa mtoto hanyanyuki bila msaada wa namna hii. Hayo ni maelezo yanayowezekana, na yamewekwa katika mjadala, mahali pa maelezo yanayowezekana.

Tuangalie pia kile ambacho matokeo hayo hayasemi. Hayasemi kwamba ushauri nasaha ni bure kwa watoto wa Tanzania. Moshi mjini watoto waliohudhuria walipata nafuu mapema zaidi kuliko wenzao, na kwa mtoto wa miaka tisa asiyelala usiku, miezi kadhaa ya nafuu si kitu kidogo. Hayasemi pia kwamba kila mtoto wa Moshi alipona mwenyewe. Wastani hauoni mtoto mmoja mmoja. Kamati inayosoma ripoti hii inaweza kuamua kuelekeza vikao kwa watoto wenye dhiki kubwa zaidi, badala ya kila yatima. Uamuzi huo usingewezekana kama matokeo ya Moshi yangefichwa.

Ridhaa, siri na usalama

Ripoti ya saikolojia inabeba mambo ambayo watu hawayasemi barazani. Kwa hiyo ripoti ionyeshe jinsi washiriki walivyolindwa.

Ridhaa iombwe kabla ya kuanza, kwa lugha inayoeleweka, na mtu aambiwe wazi kwamba akikataa hatanyimwa huduma yoyote ya usharika. Jambo hili ni la uzito kwetu, kwa sababu anayeomba ridhaa mara nyingi ni mtu mwenye cheo, na mjane anaweza kukubali kwa heshima tu. Kwa mtoto, mlezi aridhie na mtoto mwenyewe naye aulizwe. Mtoto akitikisa kichwa kukataa, iwe ni hapana.

Kuondoa jina hakutoshi. Katika mtaa wenye kaya mia moja, ukiandika "mama wa watoto watano, mume alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka jana", kila mtu anajua ni nani. Punguza maelezo hadi asitambulike, au acha kabisa mfano huo. Vivyo hivyo picha za watoto hazina nafasi katika ripoti ya namna hii, hata kama zinavutia wachangiaji. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatoa ulinzi maalumu kwa taarifa za afya. Madodoso yafungiwe kabatini, na orodha ya majina iwekwe mahali tofauti na majibu.

Aidha, utafiti unaohusu afya za watu unahitaji kibali cha maadili kabla ya kuanza. Tanzania kibali hicho hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu au kamati ya maadili ya chuo au taasisi inayotambuliwa. Usharika unaotaka kwenda mbali zaidi ya tathmini ya kawaida ya mradi ushirikiane na chuo mapema, na namba ya kibali iandikwe kwenye ripoti.

Lipo jambo moja ambalo halisubiri ripoti. Swali la tisa la dodoso tulilolitaja linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba ni afadhali afe au ajidhuru. Anayeuliza swali hilo lazima awe tayari kwa jibu la ndiyo. Kabla ya mahojiano ya kwanza kamati iwe imekubaliana ni nani ataitwa, ni kituo gani cha afya mtu huyo atapelekwa, na nani atamsindikiza. Kama mpango huo haupo, dodoso lisianze kutumika. Na katika ripoti, sehemu ya mbinu, mpango huo uelezwe.

Usharika mdogo ufanye nini?

Tunajua kwamba sharika nyingi hazina watoto 640 wala wataalamu wa takwimu. Hata hivyo yapo mambo yanayowezekana kwa gharama ya daftari na kalamu.

La kwanza ni kupima kabla na baada, kwa dodoso lile lile na kwa watu wale wale. Kama hamkupima mwanzoni, hamuwezi kusema kilichobadilika.

La pili ni kutumia zamu. Mara nyingi walengwa ni wengi kuliko nafasi, na nusu yao lazima wasubiri. Pigeni kura ya nani aanze, wapimeni wote siku moja, kisha wapimeni wote tena kabla ya kundi la pili kuanza. Hakuna atakayenyimwa huduma, na mtakuwa mmepata kundi la ulinganisho. Kura ina faida nyingine: hakuna atakayenung'unika kwamba ndugu wa mwenyekiti walitangulizwa. Walio na hali mbaya sana wasiingizwe kwenye kura, wahudumiwe mara moja, na ripoti iseme hivyo.

La tatu ni kurudi baada ya muda. Matokeo ya siku ya kufunga mradi, watu wakiwa wamekula pilau na kuimba, si sawa na matokeo ya mwaka mmoja baadaye. Kama watafiti wa Moshi na Bungoma wangeishia siku vikao vilipomalizika, tusingejua kwamba Moshi mjini tofauti ilitoweka.

La nne ni kuandika kwa uwazi. Linganisheni sentensi hizi mbili za kubuni. Ya kwanza: "Mradi umewasaidia sana wajane wetu na sasa wana furaha." Ya pili: "Wajane 30 walipimwa mwezi Machi na 21 kati yao walipimwa tena mwezi Septemba. Kwa hao 21, wastani wa alama za sonona ulishuka kutoka 16 hadi 11 kati ya 27. Hatukuwa na kundi la ulinganisho, na hatujui hali ya wajane 9 waliobaki." Sentensi ya pili haina shangwe, lakini inampa mfadhili kitu cha kushika, na inaipa kamati kazi ya kufanya kesho asubuhi, nayo ni kuwatafuta wale tisa.

Maswali ya msomaji

Mwisho tunatoa orodha fupi ambayo kamati au mfadhili anaweza kuwa nayo mkononi anaposoma ripoti yoyote ya namna hii:

1. Swali la utafiti ni lipi, na je, lingeweza kujibiwa "hapana"?
2. Walianza watu wangapi, walimaliza wangapi, na waliobaki wako wapi?
3. Walilinganishwa na nani?
4. Nani alipima, kwa dodoso gani na kwa lugha gani?
5. Walipimwa tena baada ya muda gani?
6. Je, kuna matokeo yasiyopendeza yaliyotajwa? Kama hakuna hata moja, kwa nini?
7. Je, mshiriki yeyote anaweza kutambulika?

Tunawaomba wafadhili wetu jambo moja zaidi. Usharika utakapowaletea ripoti inayosema kwamba sehemu ya huduma haikuleta tofauti, msiione kuwa ni sababu ya kufunga mkono. Mkiwaadhibu waliosema kweli, mwaka unaofuata mtaletewa shangwe tupu. Nanyi wanakamati, msiogope kuiandika. Yatima mmoja asiyesaidiwa na njia tunayoitumia anahitaji tujue mapema, ili tumtafutie njia nyingine wakati bado ni mtoto.

Kamati ya usharika inayotaka kuanza kupima huduma yake iwasiliane na ofisi ya miradi ya dayosisi kabla ya kuandaa dodoso. Tutakaa pamoja kuliandika swali, na kutafuta chuo cha kushirikiana nacho pale panapohitajika kibali.